Toleo Jipya, Kasi Ndogo: Namna ya Kuchunguza Tofauti za Vipimo baina ya Matoleo ya Keneli

Makala haya yametokana na swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika maabara ndogo ya lugha tunayoitumia hapa Luzira: kwa nini kompyuta ilikuwa nyepesi kabla ya kusasishwa, na baada ya kusasishwa imekuwa nzito? Kompyuta zenyewe zilikwisha kutumika kwingine kabla hazijatufikia, na zinaendeshwa kwa Linux. Wanafunzi huzitumia kusikiliza matamshi, kurekodi usomaji wao na kuandika insha. Wapo miongoni mwetu wanaosema mashine zimezeeka, zitupwe. Wapo wanaosema toleo jipya ndilo bovu, lirudishwe la zamani. Kila upande unazungumza kwa uhakika mkubwa, na hakuna upande uliokwisha kupima.

Kusudi la makala haya ni kueleza namna watu wanaoshughulikia mifumo ya kompyuta wanavyoichunguza tofauti ya aina hii, tangu inapohisiwa hadi inapojulikana imetoka wapi. Mwandishi ni mwalimu wa Kiswahili, wala si mhandisi. Lakini ndugu msomaji ataona kwamba mtu aliyezoea kutunga mtihani, kuusahihisha na kulinganisha matokeo ya madarasa mawili ana sehemu kubwa ya maarifa yanayohitajika.

Keneli na kazi yake

Kwanza istilahi. Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazoifanya kompyuta ifanye kazi kabla hujafungua programu yako mwenyewe. Ndani ya mfumo huo kuna sehemu ya katikati inayoitwa keneli. Wengine wamependekeza tuiite kiini, kama kiini cha yai, na pendekezo hilo halina ubaya. Lakini neno kiini tayari lina kazi nyingi katika Kiswahili, kuanzia kiini cha mada hadi kiini cha macho, na fundi akisikia “kiini kimebadilika” huenda asijue unasema nini. Kwa hiyo hapa nitatumia keneli. (Inasikitisha kidogo kwamba mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, ikiwa na menyu na maelezo yake, lakini mazungumzo kuhusu sehemu za ndani za mfumo bado tunayafanya kwa Kiingereza kana kwamba hayatuhusu.)

Ili kuielewa kazi ya keneli, tuitazame bandari ya Port Bell iliyo hapa jirani. Meli inayoingia haijichagulii gati. Behewa halipandi kwenye feri kwa kutaka lenyewe. Mchukuzi haingii ghalani bila idhini. Kila mmoja hupeleka ombi kwa msimamizi wa bandari, naye ndiye anayeamua nani atangulie, nani asubiri na mzigo uwekwe wapi. Keneli ndiyo msimamizi huyo. Programu ya kurekodi sauti haiigusi diski moja kwa moja. Inaiomba keneli iandike. Kivinjari hakijichukulii kumbukumbu, kinaiomba keneli. Maombi ya namna hii hufika maelfu kwa maelfu katika kila sekunde, na kwa hiyo msimamizi akiongeza hatua moja ndogo katika kushughulikia kila ombi, bandari nzima inaweza kuhisi.

Keneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Siku hizi toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000 yaliyoandikwa na watu wengi duniani. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Unaposema “toleo jipya ni zito”, umelishutumu kundi la watuhumiwa zaidi ya elfu kumi.

Kipimo ni mtihani

Jaribio la kupima kasi ya kompyuta halitofautiani sana na imla. Katika imla maneno ni yale yale, msomaji anasoma kwa mwendo ule ule, na usahihishaji unafuata utaratibu mmoja. Ndiyo maana tunathubutu kumlinganisha Akello na Mukasa. Katika kipimo cha kompyuta pia kazi ni ile ile, mashine ni ile ile, na saa inayohesabu ni moja. Kinachobadilika ni kitu kimoja tu, yaani toleo la keneli. Likiwa limebadilika na jingine lolote, mtihani umevuja.

Vipimo viko vya namna mbili. Kuna kipimo kidogo, kinachojaribu tendo moja peke yake: kwa mfano kuomba kumbukumbu na kuirudisha, mara milioni. Na kuna kipimo cha kazi nzima, kwa mfano kufungua faili za sauti 30, kuzipunguza ukubwa na kuzihifadhi. Walimu wa lugha wataitambua tofauti hiyo upesi, kwani ni tofauti kati ya kumuuliza mwanafunzi wingi wa neno “ufa” na kumtaka aandike barua ya maombi ya kazi. Anayejua nyufa si lazima awe mwandishi mzuri.

Mfano wa hivi karibuni unaonyesha hatari ya kuyachanganya mambo hayo mawili. Mnamo Novemba 2024 mfumo wa kampuni ya Intel unaojaribu mabadiliko ya keneli ya Linux bila kusimamiwa na mtu uliripoti kwamba badiliko moja dogo limeongeza kasi kwa asilimia 3,888.9. Namba hiyo ilikuwa ya kweli. Badiliko lilikuwa la mistari michache tu, kuhusu mahali ambapo vipande vya kumbukumbu vinaanzia vinapogawiwa. Lakini asilimia hiyo ilipatikana katika kipimo kidogo kimoja, kinachorudia tendo lile lile tu, na badiliko lenyewe lilikusudiwa kuondoa uzito ambao badiliko lingine la awali lilikuwa limeuleta. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake angedhani kompyuta yake itakuwa na kasi mara arobaini asubuhi inayofuata.

Je, tofauti ipo kweli?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalorukwa na wengi. Msomaji anayesafiri kwa teksi kutoka Luzira kwenda mjini anajua kwamba safari ile ile, kupitia Kitintale na Bugolobi, inaweza kuchukua muda mmoja leo na mara mbili yake kesho. Mvua imenyesha, au teksi imesubiri abiria wa mwisho, au ni Jumatatu asubuhi. Ukipanda teksi nyekundu Jumapili na teksi nyeupe Jumatatu, kisha ukatangaza kwamba teksi nyekundu zina kasi zaidi, watu watakucheka. Lakini katika kompyuta tunafanya jambo hilo hilo na hatuchekwi.

Prosesa ina Jumatatu zake. Ikipata joto, hujipunguzia kasi ili isiungue. Chumba chenye madirisha yaliyofungwa saa nane mchana si sawa na chumba hicho hicho saa mbili asubuhi. Kompyuta ya mkononi ikikatikiwa na umeme na kuingia kwenye betri, huenda ikabadili mwendo wake ili kuokoa chaji bila kumwarifu mtu. Faili iliyofunguliwa mara ya kwanza husomwa kutoka kwenye diski. Ikifunguliwa mara ya pili huwa tayari imo katika kumbukumbu, na hivyo hufunguka kwa haraka zaidi. Nyuma ya pazia kunaweza kuwa na programu inayopakua masasisho wakati wewe unapima.

Jambo linaweza kuwa la ajabu kuliko hayo. Mwaka 2009 watafiti Todd Mytkowicz, Amer Diwan, Matthias Hauswirth na Peter Sweeney walionyesha kwamba kasi ya programu ile ile, katika mashine ile ile, inaweza kubadilika kwa sababu tu ya ukubwa wa taarifa za mazingira ambazo mfumo huipatia programu inapoanza. Miongoni mwa taarifa hizo limo jina la mtumiaji. Yaani mtu mwenye jina refu na mtu mwenye jina fupi wanaweza kupata majibu tofauti, si kwa sababu kompyuta inambagua mmoja, bali kwa sababu urefu wa jina umesogeza vitu vingine ndani ya kumbukumbu.

Dawa yake ni kurudia. Tuchukue mfano wa kubuni. Keneli ya zamani imefanya kazi moja mara tano, kwa sekunde 40, 41, 39, 58 na 40. Keneli mpya imefanya kazi hiyo hiyo kwa sekunde 42, 44, 41, 43 na 42. Ukitafuta wastani, ya zamani inapata sekunde 43.6 na mpya inapata 42.4, basi mpya imeshinda. Sasa zipange namba kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ile ya katikati. Ya zamani inapata 40 na mpya inapata 42. Basi ya zamani imeshinda. Data ni zile zile. Kilichotokea ni kwamba ile 58 ya mara moja, ambayo pengine ililetwa na sasisho lililokuwa likipakuliwa, imeuvuta wastani mzima. Ndiyo maana wapimaji wazoefu hawatoi namba moja. Hutoa namba ya katikati pamoja na mtawanyiko, yaani umbali kati ya jibu dogo na jibu kubwa, na tofauti ya matoleo ikiwa ndogo kuliko mtawanyiko wa kila toleo, hawaanzi kumtafuta mkosaji.

Aidha, hawapimi toleo la zamani asubuhi yote na jipya mchana wote. Hupokezanisha: la zamani, jipya, la zamani, jipya. Joto la mchana likija, litawagusa wote.

Hata hivyo, tofauti ndogo isidharauliwe kwa sababu tu ni ndogo. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba kuna mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana faili iitwayo xz, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Hakuwa akiwinda wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, akitaka mashine itulie ili vipimo vyake viwe safi, akaona kwamba huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali inatumia prosesa kupita kiasi. Kuingia kulikokuwa kukichukua takriban sekunde 0.3 sasa kulichukua sekunde 0.8. Nusu sekunde! Tofauti hiyo ilirudi kila mara alipojaribu, naye hakutosheka na jibu la “pengine mtandao”. Mlango huo ulifungwa kabla haujaenea katika seva nyingi duniani.

Kimebadilika kitu kimoja au vingi?

Tukisharidhika kwamba tofauti ipo, tunauliza kama kweli ni keneli. Fundi anaposema “nimesasisha”, kwa kawaida amesasisha mfumo mzima. Kivinjari kimebadilika, kicheza sauti kimebadilika, hata mapambo ya skrini yamebadilika, na keneli ni mmoja tu wa wageni walioingia pamoja siku hiyo.

Katika Linux kuna njia nyepesi ya kutenganisha mambo haya. Mfumo kama Ubuntu kwa kawaida huhifadhi keneli ya awali pamoja na mpya. Kompyuta inapowaka, unaweza kufungua orodha ya chaguo za ziada na kuchagua keneli ya awali, huku programu nyingine zote zikibaki jinsi zilivyo. Amri ya uname -r itakuambia umeingia na keneli ipi. Pima, zima, washa tena kwa keneli nyingine, pima. Uzito ukibaki katika keneli zote mbili, basi keneli haina kesi, na huna budi kutazama kwingine: kivinjari, diski inayokaribia kufa, au kumbukumbu isiyotosha.

Nadhani somo hili linatuhusu hata nje ya maabara. Mtihani wa UCE wa mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza chini ya mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, na alama zake hutolewa kwa utaratibu tofauti na ule wa zamani. Matokeo yalipotoka mwaka 2025, haikuchukua muda kusikia watu wakilinganisha ufaulu wa Kiswahili na wa miaka ya nyuma. Mtaala, mtihani na njia ya kupanga madaraja vilikuwa vimebadilika, tena wanafunzi wale waliathiriwa na kufungwa kwa shule kwa muda mrefu wakati wa korona. Anayesema kwamba tofauti imeletwa na mtaala peke yake amefanya kama fundi aliyesasisha kila kitu kisha akailaumu keneli.

Na hata keneli yenyewe ikiwa ndiyo iliyobadilika, huenda kosa si la walioiandika. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa matoleo ya Linux kuanzia 3.0 hadi 4.20, yaani yale yaliyotoka kati ya mwaka 2011 na 2018. Waliona kwamba matendo mengi ya msingi ya keneli yalikuwa yamepungua kasi au yanapanda na kushuka kati ya toleo na toleo. Walipofuatilia, walifikia mabadiliko 11 yaliyokuwa chanzo kikubwa, wakayagawa katika mafungu matatu: ulinzi ulioongezwa, uwezo mpya ulioongezwa, na mipangilio iliyowekwa vibaya. Fungu hili la tatu ndilo lililonivutia. Katika baadhi ya keneli zilizosambazwa na Ubuntu, kwa mfano, kifaa kilichokusudiwa kwa ajili ya majaribio ya waandishi wa keneli kilikuwa kimeachwa kikiwa kimewashwa. Ni sawa na gari kutoka gereji kifuniko cha injini kikiwa wazi. Injini ni nzima, lakini dereva hafiki.

Kumtafuta mmoja kati ya elfu kumi

Tuseme sasa tumethibitisha: tofauti ipo, na ni keneli. Toleo la zamani ni zuri, jipya ni baya, na kati yao kuna mabadiliko 12,000. Tutayajaribu yote?

La. Mtu anayetafuta neno “nyangumi” katika kamusi haanzi na herufi A. Hufungua katikati, akaona kama neno lake liko mbele au nyuma, kisha akaigawa tena sehemu iliyobaki. Wachunguzi wa keneli hufanya hivyo hivyo. Huchukua hali ya keneli ilivyokuwa baada ya badiliko la 6,000, wakaijenga, wakaipima. Ikiwa nzuri, mkosaji yumo katika 6,000 za mwisho. Ikiwa mbaya, yumo katika 6,000 za mwanzo. Zinabaki 3,000, kisha 1,500, na kuendelea. Kwa hatua 14 tu mabadiliko 12,000 yamekuwa moja. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ambayo Torvalds mwenyewe aliianzisha mwaka 2005, ina amri maalumu ya kuisimamia kazi hii: wewe unajibu “nzuri” au “mbaya”, nayo inakuletea inayofuata.

Sharti lake ni moja, nalo ni zito. Kila jibu lazima liwe la kweli. Ukisema “nzuri” mara moja kimakosa, kwa sababu kipimo chako kiliyumba, utaongozwa kwa nidhamu kamili hadi kwa badiliko lisilo na hatia. Ndiyo maana nimetumia nafasi kubwa kwa ile sehemu ya kurudia vipimo.

Mnamo Januari 2024 Torvalds mwenyewe aliyaona haya kwenye meza yake. Wakati huo mabadiliko ya toleo la 6.8 yalikuwa yakikusanywa. Alikuwa na kazi moja aliyoizoea, ya kuijenga upya keneli pale ambapo hakuna kilichobadilika, kazi ambayo katika mashine yake ilichukua sekunde 22. Ghafla ikachukua sekunde 44. Hapa hapakuwa na haja ya hesabu ya mtawanyiko! Akagawa, akagawa tena, akafikia badiliko katika sehemu inayokadiria prosesa imelemewa kiasi gani. Makadirio hayo ndiyo yanayoamua prosesa ikimbie kwa kasi gani. Badiliko lile lilikuwa limeyafanya yawe madogo kuliko hali halisi, kwa hiyo prosesa ilidhani kazi ni chache na ikaendelea kutembea polepole huku mlima wa kazi ukiwa mbele yake. Kasoro hiyo haikujitokeza kwa kila mashine. Ilitegemea namna prosesa inavyotawaliwa. Ilirekebishwa kabla toleo la 6.8 halijatolewa rasmi tarehe 10 Machi 2024, na watumiaji wa kawaida hawakuigusa.

Uzito ulionunuliwa

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kila toleo zito lina kasoro. Sivyo. Mara nyingine mchunguzi hufika kwa mkosaji, akamkuta ni mlinzi.

Tarehe 3 Januari 2018 ulimwengu uliambiwa kuhusu udhaifu mkubwa katika prosesa, ulioitwa Meltdown na Spectre. Kwa Meltdown, programu ya kawaida ingeweza kuchungulia kumbukumbu ya keneli na kuiba siri zilizomo, maneno ya siri yakiwemo. Turudi bandarini. Ni kama daftari la msimamizi lililokuwa wazi juu ya meza siku zote, kwa kuaminiwa kwamba wateja walio dirishani hawawezi kulisoma, kumbe wangeweza. Tiba iliyowekwa katika keneli ya Linux, iliyoingia katika toleo la 4.15 mwezi ule ule, ni kulifungia daftari kabatini kila mteja anapokaribia, na kulitoa tena anapoondoka. Mwenye wateja wachache haoni tofauti. Mwenye wateja elfu kwa sekunde anaiona.

Na ndivyo vipimo vilivyosema. Brendan Gregg, aliyekuwa akifanya kazi Netflix, alieleza mwezi Februari 2018 kwamba kwa kazi halisi za kampuni yake alitarajia hasara ya kati ya asilimia 0.1 na 6, lakini kwa kipimo kidogo kilichotengenezwa kuiomba keneli mfululizo, hasara iliweza kupita asilimia 800. Namba zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali tofauti.

Jambo linalotuhusu zaidi ni umri wa mashine. Prosesa za karibuni zaidi zilikuwa na uwezo unaopunguza gharama ya kufunga na kufungua kabati. Za zamani zilikuwa na uwezo mdogo zaidi, na nyingine hazikuwa nao kabisa. Microsoft nayo ilisema wazi Januari 2018, kwa upande wa Windows, kwamba kompyuta zenye prosesa za mwaka 2016 zingepungua kasi kwa kiasi ambacho wengi wasingekihisi, ilhali za mwaka 2015 na kabla yake zingeathirika zaidi. Basi maabara inayopata kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine ndiyo inayolipa bei kubwa kwa ulinzi ule ule. Hilo si haki, lakini ndilo linaloeleza kwa nini mwenzetu mwenye mashine mpya hatuelewi tunapolalamika.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi, kwa kuwa umeme wetu tunaujua. Mifumo ya kupanga faili katika Linux hutofautiana kwa jinsi inavyoilazimisha diski kukamilisha maandishi kwa mpangilio wake kabla ya kuendelea. Mfumo wa ext3 kwa miaka mingi haukuilazimisha isipokuwa mtumiaji aagize. Ext4, ambao ulitangazwa kuwa tayari mwaka 2008, uliilazimisha tangu mwanzo. Kwa baadhi ya vipimo, ext4 ilionekana nzito kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 ext3 nayo ikabadilishwa, na kuanzia toleo la 3.1 la keneli ikawa inailazimisha diski bila kuagizwa. Aliyepima kabla na baada, bila kujua, angeandika kwamba Linux imeharibika. Lakini umeme ukikatika katikati ya mwanafunzi kuhifadhi rekodi yake ya mtihani wa mazungumzo, ni ule mfumo wenye subira utakaokuwa salama zaidi. Mimi nauchagua bila kusita.

Haina maana kwamba kila ulinzi ukubaliwe kwa bei yoyote. Novemba 2018, wakati toleo la 4.20 likitayarishwa, ulinzi mwingine dhidi ya Spectre uliwashwa kwa programu zote, na baadhi ya vipimo vikaanguka sana. Torvalds alipinga hadharani, na mpango ukabadilishwa ili ulinzi huo utumike pale unapohitajika tu. Bila vipimo, mjadala huo ungekuwa wa hisia dhidi ya hisia.

Tufanye nini na maabara

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, mtumiaji anaweza kuiagiza keneli ya Linux izime kinga hizi zote za prosesa kwa agizo moja wakati wa kuwaka: mitigations=off. Najua fundi wengi wanalifahamu na wanalipenda. Kwa maoni yangu, agizo hilo lisiwekwe kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi anafungulia barua pepe au tovuti yoyote, hata kama itapata wepesi. Kwa mashine isiyounganishwa na mtandao, ambayo kazi yake ni kucheza sauti za mazoezi ya matamshi tu, siwezi kugombana na anayetaka kulitumia, mradi apime kwanza aone kama kuna faida. Huenda asiione; kucheza sauti hakuisumbui keneli kwa maombi mengi.

Kurudisha mfumo wa zamani kabisa ni jambo jingine. Toleo lililoachwa halibaki mahali pake. Udhaifu mpya hugunduliwa, nalo halipati tiba. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 18.04 uliisha mwaka 2023 na wa 20.04 uliisha mwaka 2025. Anayerudi huko kwa ajili ya kasi ajue anachokiacha.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na mashine mbili. Kazi ziwe zetu wenyewe, si vipimo vya kupakua mtandaoni: kufungua kivinjari na ukurasa mmoja uliohifadhiwa, kufungua faili 30 za sauti, kuhifadhi rekodi ya dakika kumi, kufungua insha ndefu. Kila kazi ifanywe mara kumi kwa kila keneli, kwa kupokezana, asubuhi, waya wa umeme ukiwa umechomekwa na masasisho yakiwa yamezimwa kwa muda. Ile mara ya kwanza baada ya kuwasha iandikwe peke yake, kwa sababu ndiyo inayompata mwanafunzi anayefika kwanza. Pia amri ya lscpu iendeshwe, kwani pamoja na aina ya prosesa itaonyesha udhaifu ulio nayo na kinga zilizowashwa. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaweza kuisimamia kazi hii kwa siku mbili, na ripoti waiandike kwa Kiswahili. Kwa kila safu ya namba waweke tarehe, saa, toleo la keneli, kiasi cha kumbukumbu na jina la aliyeshika saa.